Posa ya Chini ya Mlima Elgon



Wasomaji wetu watukufu, juma lililopita safu hii haikutoka, na baadhi ya akina mama wametuuliza kwa wema kama tulikuwa wagonjwa. Alhamdulillahi, hatukuwa na maradhi yoyote ila uchovu wa safari. Tulikuwa Kitale na Bungoma, magharibi kabisa ya nchi yetu, kwa shughuli ya posa. Wenyewe wametupa idhini ya kuisimulia maadamu hatutaji majina yao, nasi tunaisimulia kwa sababu tuliulizwa huko swali ambalo katika miaka yote ya madrasa hatukupata kuulizwa.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye tulimsomesha juzuu ya Amma akiwa na umri wa miaka saba, aliajiriwa kazi ya ualimu na akapelekwa Kitale. Katika mwaka wake wa tatu huko, akamwambia mama yake kwamba amepata mchumba: binti wa Kiislamu, Mbukusu wa Bungoma, anayesomea uuguzi. Mama akatujia baada ya sala ya alasiri. Aliketi barazani, na chai tuliyomwekea ikapoa mbele yake.

"Shehe," alisema, "mwanangu aniletea mke wa bara."

Tulimuuliza kuhusu dini ya binti. Mwislamu, na baba yake Mwislamu. Tulimuuliza kuhusu tabia yake. Hakuna aliyemtaja kwa ubaya. Basi kuna nini, mama? Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba hana neno na binti mwenyewe, ila hajui atazungumza nini na watu wake, na kwamba akina fulani watacheka.

Neno hili "bara" twalitamka majumbani mwetu kwa wepesi mno. Twasema nguo ya kibara, sima ya kibara, tabia ya kibara, na watoto wetu wanasikia. Tulimkumbusha mama yule mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya mtu ambaye dini na tabia yake zinaridhisha. Alikubali kwa ulimi. Akatuomba tuwe washenga pamoja na ami yake kijana, lakini yeye mwenyewe, alisema, haendi: miguu yauma, na kule kuna baridi.

Tuliondoka Mombasa usiku wa Jumatano kwa basi, alfajiri tukawa Nairobi, na magharibi ilipokaribia tukashuka Kitale. Kuhusu baridi mama hakusema uongo. Mji ule uko katika kimo cha takriban mita 1,900 juu ya bahari, na ami, aliyesafiri na kanzu na koti jepesi tu, alinunua sweta sokoni kabla hata hajauliza msikiti uko wapi. Upande mmoja wa mji kuna milima ya Cherangani. Upande wa pili, siku mawingu yakifunguka, Mlima Elgon umelala mpana kama ngalawa iliyopinduliwa. Mpaka wetu na Uganda unapita juu yake, na kilele chake kirefu kuliko vyote, chenye mita 4,321, kiko upande wa wenzetu. Wabukusu huuita Masaba.

Ijumaa asubuhi kijana wetu alitupeleka kwenye jumba la makumbusho. Lilianzishwa mwaka 1926 na mlowezi mmoja Mwingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1966, akauachia umma makusanyo yake na fedha za kujengea. Jengo la sasa lilifunguliwa Desemba 1974, na lilikuwa la kwanza la aina yake katika miji ya bara. Kuna nyoka hai, ambao ami hakutaka kuwatazama, na kuna nyumba za makabila zilizojengwa kwa mfano wa zile za zamani. Mwaka ule ule wa 1926 ndio reli ilipofika Kitale ikitokea upande wa Eldoret, na mji ukapanuka kwa ajili ya walowezi na mahindi yao. Historia hiyo imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Nyingine haikuandikwa kwa herufi kubwa. Tukirudi mjini, kijana alitusimamisha njiani karibu na klabu ambapo wazungu walikuwa wakicheza gofu, akatuonyesha kwa kidole. Ndani ya uwanja ule, alisema, yapo mawe yaliyopangwa duara, na wenyeji husimulia kwamba hapo ndipo misafara ilipokuwa ikiwafungia watumwa kabla ya kuwateremsha pwani. Kitale, kwa masimulizi hayo, ilikuwa kituo katika njia itokayo Uganda kwenda Bagamoyo, kabla mlowezi yeyote hajalima hata jembe moja. Wanafunzi wake humuuliza habari za mawe yale kwa kuwa yeye ni mtu wa pwani. "Nami sijui niwajibu nini, shehe," alisema. Tulimwambia twende, wakati wa Ijumaa umekaribia. Lilikuwa jibu la mtu anayekwepa, na tulilijua hivyo tulipokuwa tukilitamka.

Jumamosi tulishika njia ya Bungoma. Kutoka Kitale barabara inapita Kiminini na Kamukuywa, mashamba ya mahindi kulia na kushoto hadi macho yachoke. Akina mama wanaosoma safu hii pengine hawajui kwamba sima wanayosonga jikoni ina nasaba yake huku. Ni Kitale ambako watafiti walizalisha mbegu ya kwanza ya mahindi chotara katika nchi yetu, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 kwa jina la H611, na kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mji huo mwaka 1956 ndiyo iliyoisambaza. Tuliipitia njia ile tukiwa tumekwisha kula mazao yake kwa miaka hamsini.

Tulipofika Webuye, dereva wa matatu alituonyesha vilima vilivyo juu ya mji, akasema: "Pale ni Chetambe." Alilisema jina lile peke yake, kama sisi tunavyosema Fort Jesus, akitarajia kwamba kila mtu anajua. Ami hakujua. Sisi tulikuwa tumesoma kidogo. Mnamo Agosti 1895 Waingereza waliokuwa wamejikita Mumias, chini ya C. W. Hobley, waliwapiga vita Wabukusu, waliowaita Wakitosh, kwa sababu walidai bunduki zilizokuwa mikononi mwao nao wakakataa kuzitoa. Vita vilianzia ngome ya Lumboka na vikaishia Chetambe, ngome yenye handaki juu ya kilima, na humo watu wengi waliuawa kwa silaha za moto. Wengi wa askari wa Hobley hawakuwa Waingereza. Walikuwa Wasudani, Waislamu kama sisi, na pamoja nao Waganda na Wawanga wa Nabongo Mumia.

Huyo Mumia twamjua vizuri zaidi. Yeye alizipokea kwake safari za watu wa pwani, na akasilimu, na hata leo Mumias ni mji wa Uislamu. Katika madrasa zetu kisa chake husimuliwa kwa furaha: dini iliingia bara kwa mikono ya wafanyabiashara wetu, bila upanga. Kwa upande wa Mumias maneno hayo yana ukweli. Lakini baada ya Chetambe Waingereza waliwaweka Wawanga kuwa machifu juu ya Wabukusu, naye Murunga, ndugu yake Mumia, alitawala sehemu za kaskazini kwa miaka mingi. Kwa hiyo Mbukusu aliwatazama waliomfuata Mumia na akaona nini? Kodi na fimbo. Kwa maoni yetu ndiyo sababu mojawapo dini iliyostawi Mumias haikuvuka mto kwa urahisi. Watu wale walikuwa na chuki na kutawaliwa, na chuki hiyo haikwisha upesi: Februari 1948, huko Malakisi, polisi wa serikali ya kikoloni waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, wakafa watu kumi na mmoja.

Tulikuwa na haya yote akilini tulipofika kijijini, kilomita chache nje ya mji wa Bungoma.

"Mulembe," walitusalimu, na kijana akatufasiria: maana yake ni amani. Ami akacheka, akasema basi hawa wanatoa salaam kama sisi, nasi tukaitikia mulembe kwa ulimi uliokwama. Baba wa binti ni Mwislamu wa kizazi cha pili. Mzazi wake alifanya kazi bandarini Mombasa ujanani, akasilimu huko, akarudi na mswala mmoja na jina jipya. Nyumba ni ya kawaida, safi kabisa, ua umefagiwa hadi kwenye migomba. Kuku alichinjwa na baba mwenyewe mbele yetu, ili mioyo yetu itulie. Tukaletewa pamoja naye busuma, yaani sima, ya wimbi, nyeusi na nzito. Ami aliiangalia kwa shaka, kisha akaongeza mara mbili.

Baada ya chakula tukakaa kikao. Mambo ya posa kwetu yanazungumzwa na washenga na walii, watu wachache. Kwao ukoo mzima una sauti, na aliyeketi kiti cha mbele alikuwa mzee wa miaka themanini na zaidi, ndugu mkubwa wa yule babu aliyesilimu. Yeye hakusilimu. Alitusikiliza tukitoa khutba yetu fupi ya posa, tukimhimidi Mola na kumsalia Mtume, na tulipomaliza akaegemeza mikono yake juu ya fimbo.

"Nyinyi ni watu wa pwani," alisema. "Babu yangu alituambia habari zenu. Mlikuwa mnapita huku na vitambaa na shanga, mnanunua pembe. Na watu pia mlikuwa mnanunua. Sasa leo mmekuja kununua nani?"

Hakuna aliyecheka. Baba wa binti aliinamisha kichwa kwa haya. Nyuma ya pazia, ambako akina mama walikuwa wameketi, mazungumzo yalikatika.

Tulimsikia ami akivuta pumzi ili aseme, na tulijua atasema nini, kwa sababu ndivyo tunavyosema sote: wale walikuwa Waarabu, si sisi, na wazungu wameyakuza mambo hayo ili waichafue dini. Tukamwekea mkono gotini. Si kwamba maneno hayo hayana chembe ya ukweli ndani yake. Wakoloni waliitumia habari ya utumwa kwa faida yao, hilo halina shaka. Lakini mbele ya mzee yule maneno hayo yangekuwa njia ya kukimbia, kama tulivyokimbia siku iliyotangulia kwenye uzio wa klabu. Katika pwani yetu ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Babu zetu wenyewe walikuwa hai. Katika nyumba za miji yetu walikuwamo waliomiliki, na walikuwamo waliomilikiwa, na wajukuu wa pande zote mbili wanasali leo katika safu moja, na bado wapo wanaonong'onezana nani ni nani wakati posa inapoletwa.

Tukamwambia: "Mzee, miongoni mwa watu hao walikuwamo babu zetu. Hatukuja kuwatetea."

Kisha tukamweleza kile ambacho sheria yetu inasema, maana alistahili kukijua: kwamba Mtume ametufikishia onyo la Mola kuwa Yeye mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Waliofanya hivyo katika njia hizi walikuwa wakiomba Mungu mara tano kwa siku, na walilijua onyo hilo. Tukasema kwamba tunaona haya. Hatukuwa na zaidi.

Mzee alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba tulisikia kuku nje. Kisha akasema, "Nilitaka kusikia kama mtakataa." Akamgeukia baba wa binti akasema naye kwa Kibukusu, na kikao kikaendelea.

Kilikuwa kirefu. Walitaja ng'ombe. Ami alishtuka, nasi ikatubidi tueleze kwamba katika Uislamu mahari ni haki ya binti peke yake, si ya baba yake wala ya ukoo, na hana ruhusa mtu kuigusa ila kwa ridhaa yake. Mzee akajibu kwa utulivu kwamba na wao ng'ombe si bei. Mwanamke habadilishwi na ng'ombe, bali ng'ombe hufanya koo mbili zijuane, na asiyetoa kitu ni mwizi. Akatutazama aliposema mwizi. Tulikubaliana hivi: mahari yatakuwa ya binti, mkononi mwake, na kwa kuwa kwetu pia kuna kilemba cha baba na mkaja wa mama, ambavyo ni zawadi za ada wala si mahari, ng'ombe wawili watatolewa kwa jina hilo. Baadhi ya wanazuoni wenzetu huenda wakatulaumu. Ada isiyopingana na sheria wala isiyomlemea mposaji hatuoni ubaya wake. Na kabla ya mtu yeyote wa pwani kuwacheka Wabukusu kwa ng'ombe wao, na atuambie kwanza ni baba wangapi mitaani kwetu wanaokula mahari ya binti zao kimyakimya, kisha binti akaolewa bila kujua aliandikiwa shilingi ngapi.

Binti akaulizwa mahari yake. Jibu lake lililetwa na shangazi yake kutoka nyuma ya pazia: kiasi kidogo cha fedha, kidogo kuliko tulichojiandaa nacho, na jambo moja. Anataka mama wa kijana aje kwao, alale siku mbili, kabla ya nikaha. "Amesema asipokuja atamwogopa siku zote," shangazi alieleza, "na yeye mama atamwogopa."

Kifikihi hilo haliingii katika mahari, na tuliwaambia hivyo. Lakini tuliliandika chini ya karatasi, baada ya kiasi cha fedha, kwa mwandiko ule ule.

Tulirudi na debe la unga wa wimbi, jogoo mmoja aliyetutesa ndani ya basi hadi Nakuru, na ujumbe huo. Jumanne jioni tulikwenda nyumbani kwa mama. Tulimsimulia yote, pamoja na swali la mzee, kwani tuliona si haki tumfiche. Aliposikia hilo aliuvuta mtandio wake karibu na uso. Akasema kwamba nyanya yake, mzaa mama, alikuwa na chanjo mashavuni ambazo hazikuwa za watu wa pwani. Walipokuwa watoto walimuuliza kwao ni wapi. Alikuwa akijibu: mbali, kulikuwa na mlima. Hawakumuuliza tena, na nyumbani jambo hilo halikutajwa mbele ya wageni.

Hatukujua la kumwambia. Ami, ambaye kwa kawaida ana neno kwa kila jambo, alikuwa akimtazama jogoo.

Posa imekubaliwa, na nikaha, Mwenyezi Mungu akipenda, itakuwa baada ya mfungo. Jana, tulipotoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, mtoto wa mama yule mdogo kabisa alikuwa akitusubiri mlangoni. Ametumwa, alisema, atuulize nauli ya Kitale ni shilingi ngapi, na kama sweta moja inatosha au ni mbili.

Tumemwambia mbili.